Anafika, Lakini Kengele Imeshalia

Mtoto akiletwa kwangu kwa kuwa "hajui kusoma", simpi kitabu. Namsimamisha kwanza mita sita kutoka ukutani, nilipobandika chati ya herufi E zinazotazama kila upande, anionyeshe kwa vidole kila E imeelekea wapi. Kisha nasimama nyuma yake, nafunika mdomo kwa daftari na kutamka kwa sauti ya chini: pata, bata, data, kata. Anarudia. Halafu namuuliza amekula nini asubuhi, jana amelala saa ngapi, na mama yake namuuliza kama aliwahi kulazwa kwa malaria iliyompanda kichwani. Walimu wenzangu hapa Muheza hunitania kwamba nilikwenda Chuo cha Patandi kusomea ualimu wa elimu maalumu nikarudi daktari. Nawaacha watanie. Wapo walioletwa kama wazito wa kuelewa, kumbe wanahitaji miwani. Wapo ambao sikio lilikuwa likitoa usaha tangu chekechea. Yupo aliyekuwa akisinzia darasani kwa sababu huamka saa tisa usiku kumsaidia mama yake kukaanga maandazi.

Tukishawatenga hao, wanabaki watoto ambao ndio habari ya makala haya. Macho yao mazima, masikio mazima, shuleni hawakosi, na akili inachemka. Msimulie kisa cha Sungura na Fisi leo, kesho atakisimulia chote na kuongeza vituko vyake. Mpe ukurasa wenye kisa hicho hicho, jasho linamtoka.

Shida ya watoto hawa mara nyingi iko mahali pamoja tu. Kuna ambao ubongo wao hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Hiyo ni disleksia, na ndiyo inayoonekana zaidi. Kuna ambao fikra ziko tele lakini mkono hauziandiki, ndiyo disgrafia. Na kuna wale ambao idadi na hesabu haziwakai kichwani, ndiyo diskalkulia. Mmoja anaweza kuwa na mbili kwa pamoja. Hii si sawa na ulemavu wa akili, ambao hugusa uelewa wa mtoto kwa upana wake, ingawa kwenye orodha nyingi za shule utawakuta wamewekwa kapu moja. Mwongozo ambao Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliutoa mwaka 2013 unakadiria kwamba asilimia 5 hadi 15 ya watoto wa umri wa shule wana matatizo ya namna hii. Darasa la watoto 80, na madarasa hayo tunayo, lingekuwa na watoto 4 hadi 12. Mwalimu anayeniambia kwake hakuna hata mmoja, naomba daftari zake nizipitie mwenyewe.

Jambo lenyewe si geni. Novemba 1896 daktari mmoja wa Seaford, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, aitwaye W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za mvulana wa miaka 14 aliyemwita Percy. Kijana alikuwa mwepesi michezoni. Hesabu za kuzidisha tarakimu tatu kwa tatu alizifanya bila taabu. Lakini tangu akiwa na miaka saba alikuwa akifundishwa kusoma, na bado jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" asigundue kosa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy ndiye angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Naipenda kauli ya mwalimu yule kuliko maelezo yote ya daktari. Alishaona kwamba mlango wa macho umekwama, na wa masikio uko wazi.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu. Maelezo mengi ya disleksia yanayotufikia yameandikwa kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo herufi zilezile hutamkwa hivi hapa na vile pale. Mtoto wa huko mwenye disleksia hukosea ovyo, anabahatisha, anaandika neno moja kwa namna nne. Mzazi wetu akisoma orodha hiyo ya dalili, anamtazama mwanawe, anaona hakosei kiasi hicho, anahitimisha kwamba ni uvivu.

Kiswahili kina tabia nyingine. A ni a, iwe mwanzo wa neno au mwisho. Mtoto akishashika ba be bi bo bu, ameshika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 na Philip Seymour na wenzake, uliolinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya, ulionyesha kwamba wanaojifunza kusoma Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa wale ambao lugha zao huandikwa kama zinavyotamkwa. Kwa maandishi, sisi tuko upande wa Kifini na Kiitaliano. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti wengine walipima wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma kwa usahihi kuliko wenzao. Ila picha za ubongo zilionyesha udhaifu uleule, upande uleule wa kushoto, kwa wote. Kasoro ni moja, lugha ndiyo inayoificha au kuianika.

Kwa hiyo kwa mtoto wa Kiswahili, usihesabu makosa. Washa saa ya simu. Mtoto mwenye disleksia hapa kwetu, akifika darasa la tatu au la nne, mara nyingi husoma sawasawa, ila silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Anafika, lakini kengele imeshalia na ubao umeshafutwa. Na alipofika hajui alikopita. Chukua neno kama "hatutawasindikiza". Silabi nane. Kufikia "za", ile "ha" ya mwanzo imeshamtoka, na ile "ha" ndiyo iliyobeba habari yote: tutawasindikiza au hatutawasindikiza? Kiswahili hupakia mambo mengi ndani ya neno moja, tena mengine ya muhimu huyaweka mbele kabisa, mahali ambapo msomaji wa polepole hupasahau kwanza. Ndiyo maana mtoto huyu atakusomea aya nzima bila kosa, umuulize nani alikwenda sokoni, akutazame.

Kuna pia hila ya wale wajanja zaidi. Madarasa yetu ya chini yana kelele nzuri ya kuimba kwa pamoja: mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, watoto wanapokea. Mwenye kumbukumbu kali hukariri ukurasa mzima. Picha ya jogoo anajua inakwenda na maneno gani. Namgundua kwa maneno yasiyokuwepo. Nimeandika kwenye kadi: fudeko, ming'usa, tambwilo, ghasope. Hayana maana, yana sauti za Kiswahili tu. Msomaji wa kawaida wa darasa la pili hucheka na kuyasoma. Aliyekariri hunyamaza, kisha husema, "Mwalimu, hili hatujafundishwa." Mara nyingi ng', mbw na gh ndizo zinazomkwamisha.

Mtoto huyu anaweza kufika mwisho wa shule ya msingi akiitwa "wa wastani". Pigo linakuja kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanapogeuka Kiingereza. Hapo kujificha kunakwisha kwa muhula mmoja.

Nyumbani, wakati huo, kuna maelezo tayari. Bibi mmoja alinijia na mjukuu wake wa darasa la nne. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akasogeza kiti karibu.

"Mwalimu, huyu amechezewa. Si bure. Duka langu ananiuzia, chenji hakosei hata mia. Lakini kitabu, mwanangu, kitabu kinamfukuza."

"Bibi, baba yake alisoma?"

"Nani, huyu mwanangu? Alitoroka la tano. Na babu yake hivyo hivyo, jina lake alikuwa akichora tu."

Nikamwambia basi tumempata aliyemchezea, ni ukoo. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Disleksia hurithiwa sana katika familia, na swali la nani mwingine nyumbani alitoroka shule huniambia mengi kuliko kadi zangu. Humwambia pia mzazi jambo ambalo hakulitegemea: kwamba viboko alivyopigwa yeye darasani havikuwa na kazi.

Sasa msaada. Nianze kwa kusema kisichosaidia, kwa sababu ndicho kinachouzwa. Miwani ya rangi na karatasi za plastiki za rangi za kuweka juu ya kitabu: mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa zinatibu disleksia. Mwandiko maalumu wa kompyuta unaotangazwa kuwa wa wenye disleksia: ulipopimwa haukuwafanya wasome haraka zaidi. Vidonge vya "kufungua ubongo" sitaki hata kuvizungumzia. Kilichoonyesha matokeo ni kitu cha bure. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake waliwapa watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia maandishi yaleyale, ila herufi zikiachanishwa zaidi. Walisoma haraka zaidi na makosa yakapungua. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya shule, kabla sijachapa zoezi, naongeza nafasi kati ya herufi na kati ya mistari. Karatasi zinakuwa nyingi, mwalimu mkuu ananung'unika.

Pia ifahamike kwamba hakuna mashine inayomfundisha mtoto huyu kusoma peke yake. Anayefundisha ni mtu, kwa dakika chache kila siku, sauti moja baada ya nyingine, kwa kutamka, kuona na kugusa kwa wakati mmoja. Wamarekani Samuel Orton na Anna Gillingham walianza kupanga njia hiyo karne moja iliyopita. Mimi natumia mchanga kwenye sinia: mtoto anachora m kwa kidole huku anatamka. Mashine kazi yake ni nyingine. Ni kuhakikisha kwamba wakati kusoma kunajengwa polepole, Sayansi na Historia hazimpiti.

Na mashine yenyewe mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Simu janja za Android zina sauti ya kusoma maandishi, na Kiswahili kimo. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, unawasha, unagusa aya, simu inasoma. Kamera ya simu hiyo hiyo inaweza kugeuza ukurasa wa kitabu kuwa maandishi ambayo sauti itayasoma. Kwenye kompyuta, kivinjari cha Edge cha Microsoft kina sauti nne za Kiswahili: Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Wanafunzi wangu wanamtaka Rehema. Daudi wanasema ana haraka, ingawa kasi inarekebishika. Wana makosa yao, hawa. Ukiandika "Swali Na. 4" utasomewa "swali na nne", mtoto akae akijiuliza swali la kwanza liko wapi. Nimezoea kuandika "namba" kwa kirefu.

Kwa mwenye shida ya kuandika, njia ni kinyume chake: anasema, simu inaandika. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Kijana mmoja, ambaye insha zake hazikuwahi kuvuka mistari mitatu, alizungumza na simu yangu habari za mafuriko ya mtoni kwao hadi ukurasa ukajaa. Nukta hakuna, herufi kubwa hakuna, na majina ya Kibondei yote yamepotoshwa. Lakini sasa tulikuwa na insha ya kusahihisha. Sharti langu ni moja: akishaisema, anakaa na kuisoma huku sauti inaisoma, kidole chini ya neno. Kusikiliza bila kufuata kwa jicho ni redio, na redio nayo ni nzuri, ila haijengi kusoma.

Wasio na simu janja nawaambia warekodi. Hata kitochi kingine kinarekodi. Mama anasoma ukurasa wa somo la kesho akiwa anasubiri ubwabwa uive, mtoto anausikiliza mara tatu kabla ya kulala. Dada aliyeko Dar es Salaam anatuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Sijaona teknolojia inayoshinda hiyo kwa bei.

Vikwazo vipo. Simu inaondoka na baba saa kumi na mbili asubuhi. Bando linaisha Jumanne. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na sababu zake nazielewa. Kilichotuokoa sisi ni vishikwambi vya sensa ya mwaka 2022, ambavyo baada ya kazi ya kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Changu kinazunguka darasani kikiwa na spika ya masikioni, na hakuna anayemcheka aliyenacho. Wanagombea zamu.

Mkoa wetu wa Tanga una historia na vishikwambi. Katika shindano la kimataifa la XPRIZE, lililoendeshwa hapa pamoja na serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, watoto karibu 2,700 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa mwaka 2019 kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Watu hukumbuka fedha. Mimi nakumbuka kwamba Kitkit School ilitengenezwa na kampuni ya Sooinn Lee, mama wa Kikorea aliyekuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta, ambaye alianza kutengeneza programu za kujifunzia baada ya kumzaa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Vitufe vikubwa, hatua ndogo ndogo, hakuna sauti ya kukukejeli ukikosea: hayo aliyafikiria kwa ajili ya watoto kama wake, na yakawafaa watoto wa vijijini Tanga ambao hawana ulemavu wowote. Kila kitu ninachokifanya kwa ajili ya wawili, nimekuta sitini wanakifaidi.

Diskalkulia nitaigusa kidogo. Vizibo vya soda, mstari wa namba uliochorwa kwa chaki sakafuni, karatasi ya miraba ili makumi yasikae chini ya mamoja, na kikokotoo kwa yule ambaye tumeshajua kwamba shida si kutoelewa swali. Lakini kuna mtego ambao vitabu vya nje haviutaji, nao ni saa. Simu inaandika 7:00, mama anasema saa moja, mshale mfupi unaonyesha saba. Mtoto wa kawaida hulizoea hili bila kufundishwa. Kwa mwenye diskalkulia ni fujo tupu, na kila asubuhi anachelewa. Kata duara la karatasi, libandike kuzunguka saa ya ukutani, andika namba za Kiswahili kwa rangi nyekundu nje ya zile zilizopo. Kwisha.

Mwalimu mkuu wetu, mtu mwema, aliwahi kuniuliza kikaoni, "Mwalimu, mtoto akisomewa swali, huo si wizi wa mtihani?" Nilimjibu kwa swali: mtihani wa Sayansi unapima nini? Kama unapima kusoma, basi asisomewe. Kama unapima kwamba anajua mmea unatengenezaje chakula chake, kumnyima sauti ni kumpima kitu ambacho hakikuulizwa. Hakukubali siku ile. Alikubali alipokisikia kishikwambi kinamsomea mwanawe wa kumzaa.

Muda ndio dawa nyingine, na upo kisheria. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Watoto wasioona na wenye uoni hafifu wanajulikana, kwa hiyo wanaupata. Mwenye disleksia anaonekana mzima, na asipokuwa na taarifa ya tathmini iliyoandikwa, hakuna wa kumuombea. Kwa hiyo mzazi aanze kwa mwalimu wa darasa, aombe kuonana na mwalimu wa elimu maalumu, na kama shule haina, amwone afisa elimu maalumu wa halmashauri. Aende na majibu ya hospitali ya macho na masikio, na daftari za mtoto za miaka iliyopita, hata zilizochanika. Wengi hunijia mwezi mmoja kabla ya mtihani. Wakati huo majina yameshasajiliwa, na ninachoweza kuwasaidia ni kumfundisha mtoto aanze na maswali mafupi.